SR44, LR44 na CR2032: tathmini ya betri za kifungo, nje na ndani

Vernia ya kidijitali, chombo cha kupimia vipenyo na unene, ninayoitumia karakanani inaendeshwa na betri moja tu ya kifungo, ya aina ambayo wauzaji wengi huiita betri ya saa hata kama mnunuzi anaipeleka kwenye kikokotoo, kipimajoto au mdoli wa mtoto. Kwa muda mrefu nilikuwa nikinunua kadi ya betri kumi za LR44 kwa bei ya chini kabisa, nikiamini kwamba vitu vyenye kipenyo kimoja na unene mmoja haviwezi kutofautiana sana. Betri mbili za kadi moja, za chapa ambayo sitaitaja, zilipovujia ndani ya vernia na kuacha ukoko mweupe kwenye bati la hasi, niliamua kuzilinganisha kwa makini. Nilinunua LR44 za mtengenezaji anayefahamika na SR44 za Renata, kampuni ya Uswisi iliyo chini ya Swatch Group, na kwa kuwa kipimo cha sukari cha mama hutumia CR2032, nikaongeza na hizo. Nimezitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na zile za maji ya alkali nimezifungua baada ya kuisha ili nione zilivyoundwa.

Nianze na majina, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi tunapopotea. Herufi ya kwanza hutaja kemia iliyomo: L ni alkali ya zinki na dioksidi ya manganizi, S ni oksidi ya fedha, C ni lithiamu pamoja na dioksidi ya manganizi, na P ni zinki inayotumia hewa, kama zile za vifaa vya kusaidia kusikia. Herufi R huonyesha kwamba betri ni ya mviringo. Katika CR2032 tarakimu zinajieleza, yaani kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, lakini 44 ni namba ya orodha tu, na inasimamia kipenyo cha milimita 11.6 na unene wa milimita 5.4. LR44 hujulikana pia kama AG13 au A76, na SR44 huandikwa 357 au 303. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ni ndogo lakini ni ya kweli: 357 hutiwa hidroksidi ya potasiamu na huweza kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla, ilhali 303 hutiwa hidroksidi ya sodiamu na hufaa saa ya mkononi inayokula umeme kidogo kidogo kwa miaka. Muuzaji akikuambia kwamba zote ni moja, anazungumzia umbo tu.

Nilipofungua LR44 na SR44 zilizokwisha, nikiwa nimevaa miwani na glavu, nilikuta mpangilio unaofanana kwa kiasi cha kunishangaza. Kopo la nje, ambalo ndilo chanya, ni chuma kilichopakwa nikeli. Chini yake kumeshindiliwa kidonge cha kathodi, yaani nguzo ya chanya: cheusi katika LR44, kwa sababu ni dioksidi ya manganizi iliyochanganywa na grafiti, na chenye rangi ya kijivu inayong'aa kidogo katika SR44 iliyotumika, kwa sababu oksidi ya fedha hugeuka fedha halisi kadiri betri inavyofanya kazi. Juu ya kidonge hukaa kitenganishi, ambacho katika betri ya fedha huwa na utando wa selofeni wa kuzuia chembe za fedha zisihamie upande wa zinki na kuiharibu betri kimyakimya. Kisha kuna unga wa zinki uliolowekwa katika jeli yenye alkali, na juu yake kifuniko cha hasi. Zinki imesagwa kuwa unga kwa makusudi, maana chembe nyingi zina eneo kubwa zaidi la kukutana na alkali kuliko kipande kimoja kigumu cha uzito uleule.

Kifuniko hicho ndicho kilichonivutia kuliko kingine chochote. Ukikitazama kwa juu unaona bati jeupe la kawaida, lakini ukikikata ukingoni unakuta tabaka tatu za metali zilizobanwa pamoja: nikeli kwa nje ili mguso usishike kutu, chuma cha pua katikati ili kifuniko kisibonyee, na shaba kwa ndani. Shaba haikuwekwa kwa urembo. Zinki ikiwa ndani ya alkali huwa na tabia ya kuzalisha hidrojeni polepole, na ikigusana na chuma tabia hiyo huongezeka, gesi hujaa, na betri huvimba au kufumuka. Zamani watengenezaji waliidhibiti gesi hiyo kwa kuchanganya zinki na zebaki kidogo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuingiza sokoni betri za kifungo zenye zebaki kuanzia Oktoba 2015, na sasa zinki huchanganywa na kiasi kidogo sana cha metali kama bismathi na indiamu. Mabadiliko hayo yamefanya usafi wa zinki na ubora wa tabaka la shaba kuwa na uzito kuliko zamani, na nadhani hapo ndipo betri za bei ya kutupa zinapopunguziwa gharama.

Mahali pa pili pa kupunguziwa gharama ni gasketi. Kati ya kopo la chanya na kifuniko cha hasi kuna pete ya nailoni inayofanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inazuia nguzo mbili zisigusane, na inazuia alkali isitoke. Mdomo wa kopo hukunjwa kwa ndani ukaibana pete hiyo pande zote. Alkali ina tabia ya kutambaa juu ya metali ya upande wa hasi, hata ikipanda kinyume na mvuto, na ikipata mwanya mdogo kuliko unene wa unywele hutoka, hukutana na hewa yenye kaboni dioksidi, na kugeuka ule ukoko mweupe wa kaboneti ya potasiamu tunaoujua. Hii ndiyo sababu ukoko huanza karibu kila mara kwenye ukingo wa kifuniko cha hasi. Katika betri zile mbili zilizovuja kwangu, mkunjo wa mdomo ulikuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, jambo ambalo lilionekana kwa macho bila hata kioo cha kukuza. Katika SR44 za Renata na katika LR44 za mtengenezaji anayefahamika mkunjo ulikuwa sawa kuzunguka duara lote. Siku hizi hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama kabla sijalipa. Ukoko wenyewe niliutoa kwa pamba iliyochovywa kwenye siki, kwa kuwa asidi hafifu huizimua alkali, kisha nikapangusa kwa spiriti na kuacha pakauke.

Kuhusu utendaji, mita ya kupimia volti haikunisaidia siku ya ununuzi. LR44 mpya inaweza kusoma volti 1.55 au zaidi, sawa na SR44, kwa hiyo muuzaji anayekupimia betri mbele yako anakuonyesha tu kwamba haijafa. Tofauti hujitokeza baadaye. Volti za LR44 huteremka kama mtu anayeshuka mlima, kuanzia siku ya kwanza hadi karibu na 0.9, lakini SR44 hukaa kwenye 1.55 karibu maisha yake yote, kisha huanguka ghafla mwishoni. Vernia yangu huanza kumetameta volti zikifika karibu na 1.4, na nilipoipima nilikuta inavuta mikroampea 15 mchana na usiku, kioo kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Kwa mwaka mzima hiyo ni takriban miliampea-saa 131, kipimo kinachotumika kutaja akiba ya umeme wa betri. LR44 nzuri inaweza kuwa na miliampea-saa 110 hadi 150 kwenye maelezo yake, lakini sehemu kubwa ya akiba hiyo imo chini ya volti 1.4, mahali ambapo vernia haiwezi kuifikia. Ile ya mtengenezaji anayefahamika ilinidumu miezi minne. Nilipoihamishia kwenye saa ndogo ya mezani iliendelea na kazi kana kwamba ni mpya, na bado inakwenda. SR44 ilifika mwezi wa 13 na siku chache ndipo tarakimu zikaanza kumetameta.

Kwa hiyo ninaposema SR44 ni bora, sikusudii kwamba LR44 ni bidhaa mbovu. Mdoli unaoimba, taa ndogo ya ufunguo au saa ya jikoni havijali volti zikiteremka, na kulipa bei ya fedha kwa ajili yake ni kupoteza pesa. Chombo cha kupimia ni jambo lingine, kwa sababu betri inayodhoofika inaweza kukifanya kipotee hesabu kabla hakijazima, na fundi akakata chuma kwa kipimo kisicho cha kweli. Kabla ya kununua SR44 kwa wingi ni vizuri pia kuzipima uzito kwenye mizani ya sonara: SR44 halisi ina takriban gramu 2.3, na LR44 iko karibu na gramu 2. Betri nyepesi iliyochorwa 357 mgongoni haina fedha ya kutosha ndani, hata kama kadi yake imechapwa vizuri.

CR2032 ni kiumbe tofauti, na sikuifungua, wala simshauri mtu yeyote aifungue. Lithiamu haipatani na maji, kwa hiyo ndani yake hamna alkali ya majimaji bali kiyeyushi cha kikaboni chenye chumvi ya lithiamu, na gasketi yake ni ya polipropilini. Upande wa hasi kuna kisahani chembamba cha lithiamu kilichobanwa kwenye kifuniko, chenye uzito usiofika sehemu ya kumi ya gramu, na bado betri nzima ya gramu 3 hivi inatoa volti 3 na hubeba takriban miliampea-saa 220. Udhaifu wake ni ukinzani wa ndani. Umbo lake la sarafu lina eneo dogo la kupitishia umeme, hivyo akiba hiyo hupatikana mkondo ukiwa mdogo, sehemu ya kumi chache za miliampea. Kifaa kinachorusha mawimbi ya redio hudai miliampea nyingi kwa nukta moja, na betri iliyozeeka huporomoka volti papo hapo japo mita inaonyesha 2.9 ikiwa haina mzigo, yaani haiendeshi kifaa chochote. Kipimo cha sukari cha mama kiliwahi kuzima katikati ya kupima kwa sababu hii hasa, na tangu hapo siiamini namba ya mita pasipo mzigo.

Kuna jambo moja katika muundo wa CR2032 ambalo nalitilia maanani kuliko miezi ya kudumu. Kipenyo cha milimita 20 kinatosha kabisa kukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Ikikwama, unyevu wa mwili hukamilisha sakiti kati ya nguzo mbili, alkali kali hujengeka upande wa hasi, na nyama huungua vibaya ndani ya saa mbili, hata kama betri hiyo ilitolewa kwenye kifaa kwa kuwa imechoka. Mtoto akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali papo hapo bila kutapishwa. Mwongozo wa wataalamu wa sumu wa Marekani unaruhusu mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi wakiwa njiani, mradi hazijapita saa 12 na safari isicheleweshwe kwa ajili ya asali hiyo. Kwa sababu hiyo naihesabu pakiti kuwa sehemu ya bidhaa. Pakiti inayohitaji mkasi naipa alama za juu, na kadi ambayo betri hudondoka zenyewe siinunui tena, hata kama zilizomo ni nzuri. Duracell hupaka betri zake za sarafu kitu kichungu sana ili mtoto ateme, na hilo nalisifu bila kusita, ingawa Apple imetahadharisha kwamba betri zenye mpako mchungu zinaweza kukataa kufanya kazi katika AirTag, kifaa chake kidogo cha kutafutia vitu vilivyopotea, kutegemea jinsi miguso ilivyokaa.

Jinsi ya kuziweka nako kunategemea muundo. Ukizishika kwa kibano cha chuma unaunganisha kopo na kifuniko, umbali kati yake ukiwa ni upana wa gasketi tu, na unapoteza sehemu ya umeme kabla hujaanza. Mimi hutumia kibano cha plastiki, au huishika betri kwa kingo baada ya kufuta vidole. Zilizokwisha hufunikwa kwa utepe wa gundi pande zote mbili kabla ya kuingia kwenye kopo la kukusanyia, kwa kuwa CR2032 kadhaa zikilaliana zinaweza kupashana moto.

SR44 ya pili iliingia kwenye vernia mwezi wa 14. Niliandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kopo la chanya, si kwenye kifuniko, ili mguso wa hasi ubaki safi. Leo asubuhi, miezi minne baadaye, imesoma volti 1.55.