Hanna HI736 kwenye tangi jipya la matumbawe: kipimo kizuri, ila usikimbilie sifuri

Mwani ukianza kutanda kwenye tangi la matumbawe lenye miezi miwili, wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kuuua. Pesa hiyo ingefaa zaidi kwa kipimo. Hanna Checker HI736 ni kolorimita ndogo inayoenea kiganjani, na kazi yake ni moja tu: kupima fosforasi iliyomo kwenye maji ya chumvi hata ikiwa kidogo mno. Kwa tangi jipya, tungeinunua hii kabla ya dawa yoyote ya mwani na kabla ya kopo lolote la kunyonya fosfeti (chumvi ya fosforasi ambayo mwani huila). Ina usumbufu wake, na wapo ambao haitawafaa.

Kwanza uchague namba sahihi, kwa sababu Hanna wanauza vipimo kadhaa vinavyofanana umbo na mnunuzi huchukua kisicho chake. HI713 inapima fosfeti kuanzia 0.00 hadi 2.50 ppm (sehemu kwa milioni) na inaweza kukosea kwa 0.04, juu au chini, jumlisha asilimia 4 ya namba inayosomeka. HI774 inafika 0.90 ppm na inaweza kukosea kwa 0.02 na asilimia 5. HI736 haisomi fosfeti bali fosforasi, kwa ppb (sehemu kwa bilioni), kuanzia 0 hadi 200, na inaweza kukosea kwa ppb 5 na asilimia 5. Ili upate fosfeti, zidisha namba yake kwa 3.066 kisha gawanya kwa 1000. Ppb 10 ni kama 0.03 ppm, ppb 20 ni 0.06, ppb 30 ni 0.09.

Sasa chukua maji yenye fosfeti 0.05. HI713 inaweza kukuonyesha chochote kati ya 0.01 na 0.09, yaani hujui kama tangi lina njaa au limeshiba. Hiyo waachie wenye matangi ya samaki watupu. HI736 itabaki kati ya 0.03 na 0.07, na HI774 iko karibu sana nayo. Tofauti yao kubwa ni kwamba HI774 inakupunguzia hesabu na inapanda hadi 0.90, wakati HI736 inagota kwenye 0.61 hivi. Ukianza na mawe makavu yaliyochimbwa nchi kavu, ambayo huweza kuwa yamebeba fosfeti nyingi, HI774 ina nafuu. Kwa tangi linalocheza chini ya 0.10 tunapendelea HI736, kwa sababu hatua ya ppb 1 inaonyesha mwelekeo mapema kuliko hatua ya 0.01.

Vipimo vya matone na kadi ya rangi ni rahisi zaidi kwa bei, lakini kutofautisha bluu ya 0 na bluu ya 0.03 kwa macho, chumbani ambamo taa ya tangi nayo ni ya bluu, ni kubahatisha. Na pengo hilo dogo ndilo linaloamua mambo kwenye tangi jipya.

Tangi jipya likisoma fosfeti 0 na naitreti (chakula kingine cha mwani, chenye naitrojeni) nayo ikawa 0, usishangilie. Mawe bado hayajakaliwa na bakteria wa kutosha na nafasi iko wazi. Mwani wa kawaida ukikosa chakula hurudi nyuma, na wanaochukua nafasi yake mara nyingi ni dinoflajeleti: utando wa kahawia unaoteleza, wenye nyuzi na mapovu, unaopungua usiku na kurudi taa zikishawaka kwa saa chache. Hao ni wabaya kuliko mwani wowote wa kijani, na baadhi yao, kama Ostreopsis, wana sumu inayoweza kuua konokono wanaowala. Ndiyo maana lengo letu kwa miezi ya mwanzo ni fosfeti 0.03 hadi 0.10, yaani ppb 10 hadi 33, na naitreti kati ya 2 na 10 ppm. Ukisoma ppb 0 hadi 3 mara mbili mfululizo, ondoa dawa ya kunyonya fosfeti, punguza nguvu ya skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa mapovu), ongeza chakula cha samaki. Ukiamua kuongeza fosfeti ya chupa, weka ya kupandisha 0.02 ppm kwa siku na upime kesho yake. Siku za kwanza namba inaweza kukataa kupanda kabisa, kwa kuwa mawe yenyewe yanainywa. Usiongeze dozi kwa hasira.

Upande wa pili una mtego wake. Mwani wa nyuzi umejaa kwenye mawe, kipimo kinasoma ppb 6, na mwenye tangi anasema kipimo kibovu. Si kibovu. HI736 inasoma fosfeti iliyoyeyuka majini muda huo. Ile iliyokwisha kuliwa na mwani, iliyo ndani ya mabaki ya chakula au iliyoshikwa na mawe haionekani. Hapo kumwaga oksidi ya chuma ya chembechembe, ile dawa ya kunyonya fosfeti, ni kuyaadhibu matumbawe bure. Ung'oe mwani kwa mkono wakati wa kubadilisha maji ili utoke na fosfeti yake, ongeza konokono aina ya Trochus au Turbo, shusha saa za taa nyeupe. Unga wa kahawia mchangani wiki za mwanzo ni daiatomu, viumbe wadogo sana wa jamii ya mwani. Wanakula silika na huisha wenyewe, mradi maji yako ya kuongezea yawe yamepita RO na DI (michujo miwili ya kusafisha maji) na TDS (kiasi cha vitu vilivyoyeyuka) isome 0.

Ukiwa na ppb 60 na zaidi, oksidi ya chuma ina kazi, na hapa ndipo kipimo hiki kinapolipa gharama yake. Anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Pima maji yanayoingia kwenye riakta (chombo chenye chembechembe hizo ambamo maji hupitishwa) na yanayotoka. Namba hizo mbili zikilingana, chembechembe zimekwisha nguvu, badilisha. Kwa mawe makavu utaona fosfeti imeshuka leo na imepanda tena baada ya siku mbili, kwa sababu mawe yanaiachia polepole. Hilo ni la kutarajia, wala si dalili kwamba dawa ni feki.

Upimaji wenyewe ndio unaowashinda wengi. Kila kichupa kinabeba mililita 10, na ndani ya boksi vipo viwili. Suuza kichupa kwa maji ya tangi mara mbili, jaza kwa sindano hadi kwenye mstari, futa nje kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha ufunike. Alama ya kidole ni fosfeti ya uongo. Kabla ya kubonyeza chochote, kata pakiti ya unga na uikunje iwe mfereji, kwa maana kifaa hujizima kikiachwa bila kuguswa, nawe utarudi mwanzo. Kisha kiwashe. Kikionyesha C.1, weka kichupa, bonyeza, subiri C.2. Toa kichupa hichohicho, mimina unga, gonga pakiti kwa ukucha mpaka chembe ya mwisho idondoke. Tikisa taratibu kwa dakika 2, ukikipindua, si kukisukasuka kama chupa ya dawa. Mapovu yakiganda ukutani mwanga unatawanyika na namba inapanda. Rudisha kikielekea upande uleule, shikilia kitufe mpaka saa ya dakika 3 ianze kuhesabu kurudi nyuma. Namba ikitoka iandike papo hapo, kifaa hakina kumbukumbu.

Unga uliobaki kwenye pakiti hushusha namba. Unga ambao haujayeyuka huipandisha. Ukipata ppb 14 kisha 31 kwa maji yaleyale, tafuta hapo kwanza kabla ya kulaumu tangi. Vichupa vioshwe kwa maji ya RO, sabuni ya vyombo isiguse. Na usiamue jambo kwa namba moja: ppb 5 juu au chini zimo ndani ya makosa ya kifaa, kwa hiyo 12 leo na 16 kesho ni kitu kimoja. Angalia mstari wa wiki tatu.

Kwa walioko Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar wanaojaza tangi kwa maji ya bahari, kipimo hiki kina faida ya ziada: pima maji kabla hayajaingia nyumbani. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto, na uache siku za mvua kubwa za masika.

Nani asinunue? Mwenye tangi la samaki bila matumbawe, na mtu ambaye hatapima walau mara moja kwa wiki. Pia anayetaka kifaa kimoja cha kila kitu, maana naitreti itabidi uipime kando. Kwa naitreti, kipimo cha rangi cha kawaida kinatosha, kwa kuwa 2 na 10 zinatofautiana vizuri kwa macho mchana.

Unga uliomo kwenye boksi unatosha vipimo 6 tu, basi agiza wa ziada siku hiyohiyo. Pakiti yake ni HI736-25, ya vipimo 25. Ukipima mara mbili kwa wiki inafika miezi mitatu. HI713-25 na HI774-25 zinafanana nayo kwenye rafu, lakini ni za vifaa vingine. Soma namba yote kabla ya kulipa, na tarehe ya kuisha pia.