Uzoefu wangu: alaimenti ya IST hapa Mwanza, safari hii imefanyika kweli

Wenye gari wenzangu wa Mwanza, hii ni yenu hasa nyie mnaokaa Bugarika, Isamilo na kule juu Mabatini ambako ukitoka tu kwenye lami ni mawe na makorongo, gari inapigwa chini kila siku halafu tairi inaisha upande mmoja na unaambiwa umeuziwa tairi mbovu. Nimefanya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha uelekeo wa tairi, ya Toyota IST yangu kwenye gereji moja ya pande za Nyakato na nimeridhika mno, nataka nieleze walichokifanya maana ndo mara ya kwanza naona kazi hii inafanywa kwa mpangilio.

Hali ilikuwa hivi, gari inavuta kushoto, stelingi lazima uishike imepinda ndo iende mbele, na tairi zote mbili za mbele zimelika kwa ndani zimebaki laini kabisa wakati kwa nje kashata, yale meno ya tairi, bado zimesimama. Kabla ya hapo kuna sehemu nyingine hapa mjini ilishanifanyia, wakaipandisha kwenye mashine, wakazungusha tairodi, vile vyuma vinavyosukuma tairi ukikata stelingi, dakika chache, "tayari dada", nikalipa. Stelingi ikanyooka kweli kwa muda lakini gari ikaendelea kuvuta na tairi zikaendelea kuisha. Sasa nimeelewa kwanini, unaweza kunyoosha stelingi kwa kuhamisha tairodi zote mbili kiasi kilekile, huku uelekeo wa tairi zenyewe ukabaki mbovu vilevile kama ulivyokuwa.

Huyu wa Nyakato hakuigusa mashine kwanza. Aliuliza stelingi inatetemeka ukifika themanini? Nikamwambia haitetemeki. Akasema basi balansi, kule kusawazisha uzito wa tairi, tuiache, kutetemeka kwenye mwendo mara nyingi ni balansi au rimu imepinda, kwako wewe ni kuvuta na kulika, hiyo ni habari nyingine. Akapima upepo kufuata kile kibandiko cha mlango wa dereva, ya mbele kushoto ilikuwa imepungua, na upepo ukipungua upande mmoja gari inavutia hukohuko. Akajaza. Halafu akahamisha tairi za mbele, ya kulia kushoto ya kushoto kulia, tukazunguka kidogo, akasema kama mvuto ungehamia upande wa pili tungejua ni tairi. Haukuhama.

Ndo akapiga jeki. Akashika tairi ya kulia mikono miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, akaitikisa, ikalia ko ko, akaniita nishike mwenyewe kile kichwa cha tairodi wakati kijana wake anatikisa, nikausikia kabisa mchezo kwenye vidole. Upande wa kushoto akaingiza mtaimbo mdogo kwenye ami ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika tairi kwenye bodi, bushi yake ya nyuma, yaani mpira wa kwenye maungio, imechanika, ami inaenda mbele inarudi. Akaniambia, "Dada, hivi nikikufungia alaimenti leo, ukivuka matuta mawili imeshapotea, utarudi kunilaumu." Jamani hapo ndipo nilipomwamini, maana angeweza kuchukua hela yangu nikaondoka zangu na stelingi iliyonyooka.

Tukabadilisha vyote viwili. Kitu nilichokipenda, bolti ya ile bushi aliishikiza tu, hakuikaza mpaka gari iliposhushwa ikasimama kwa uzito wake, anasema ukikaza gari ikiwa inaning'inia bushi inakaa imejisokota muda wote na inapasuka mapema. Sehemu nyingi wanakaza hukohuko juu na hamna anayewaambia kitu.

Kwenye mashine sasa, wakafunga vile vibao vya kusomea kwenye rimu zote nne, wakaisukuma gari nyuma na mbele kidogo, stelingi ikanyooshwa ikafungwa kwa chuma isicheze, breki ikakandamizwa. Wakasoma nyuma kwanza. Nyuma ya IST ni bimu moja, chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili za nyuma, haina pa kurekebisha, ila lazima isomwe, maana bimu ikiwa imepinda au imekaa upande gari inatembea mshazari na ya mbele utarekebisha mpaka uchoke. Yangu kwenye mashine ilisoma kijani, yaani iko sawa. Mbele zote mbili nyekundu, zimetazama nje, na tairi zikitazama nje zinalika kwa ndani, kwahiyo namba zikakubaliana na tairi zangu. Ule ulalo wa tairi wa juu na chini nao ulikuwa ndani ya kiwango, na fundi akanitahadharisha kwamba kwenye IST hauna sehemu ya kurekebisha kutoka kiwandani, ukikuta umetoka tafuta shokapu au ami iliyopinda, asije mtu akakupigia nyundo.

Kurekebisha kwenyewe hakukuchukua muda. Nati za kufungia tairodi zilikuwa na kutu wakazipulizia dawa, na akalegeza klipu ya ule mpira wa raki, pale tairodi zinapoungana na stelingi, ili usijinyonge tairodi inapozunguka. Akakaza nati, akasoma tena baada ya kukaza maana namba huwa zinahama kidogo hapo. Nikapewa karatasi ina vipimo vya kabla na vya baada.

Gari nikaendesha mwenyewe yeye kakaa pembeni, barabara ya Musoma kuelekea Igoma. Inaenda. Kuna kuegemea kushoto kadogo sana, akanionyesha kwamba lami yenyewe imeinamishwa kwenda pembeni ili maji yatoke, na sisi tunaendesha kushoto. Baadaye nikaenda nayo Sengerema kupitia Daraja la JP Magufuli, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, pale pamenyooka ndo pa kuonea, ila chagua wakati ziwa limetulia maana upepo wa ubavuni nao unasukuma gari ukadhani ni alaimenti. Stelingi ilikaa katikati mwanzo mwisho, mabega hayaumi tena.

Bei, alaimenti peke yake elfu thelathini, spea na ufundi mbali. Ukilinganisha na bei ya tairi mbili mpya ni hela ndogo. Wanachoniudhi ni foleni, na sehemu ya kusubiri hakuna kivuli, jua la mchana wa Mwanza mnalijua, nendeni asubuhi. Tairi zilizokwisha kulika hazirudi, bado zinaunguruma kwenye lami, nakusanya hela nifunge mbili mpya mbele. Shokapu za mbele nazo ameniambia zimeanza kutoa mafuta, zikibadilishwa alaimenti inapimwa upya, na nitaipeleka kwa huyuhuyu.