Laptopu ya mwaka 2017 na Alhamisi usiku: uzoefu wangu Kondele

Huku Kisumu mazishi mengi ni Jumamosi. Mwili unatoka mochari Ijumaa, na kabla ya hapo lazima programu ya mazishi iwe tayari, ile karatasi yenye picha ya marehemu mbele na wasifu wake ndani. Hesabu yake ni kwamba kazi inatua kwangu Alhamisi jioni, na inatakiwa Alhamisi hiyo hiyo. Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na kuchapa, hapa Kondele, mwaka wa sita huu, na kila kifaa ninachonunua nakipima kwa Alhamisi. Wale wa kwenye YouTube wanapima laptopu kwa magemu na kung'aa kwa skrini. Mimi nauliza tu: mvua ikiteremka kutoka upande wa Nandi saa moja jioni, stima ipotee, na familia ya watu wanane imejipanga kwenye benchi langu inangoja nakala 150, kazi itatoka au nitaanza kuomba msamaha?

Mashine yangu ni ThinkPad T470, ya mwaka 2017. Niliinunua mtumba, zile zinazotoka Uingereza, kwa shilingi 24,500. Kwa Kiswahili cha darasani ni kipakatalishi, na jina silikatai, maana ni kweli unaipakata kama mtoto. Ila mtu akiingia hapa akiuliza bei ya kipakatalishi najua huyo ni mwalimu.

Sababu mojawapo ya bei kuwa hivyo ni kwamba Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, zinaanzia takriban kizazi cha nane. T470 ina kizazi cha sita au cha saba. Imekosa kwa mwaka mmoja hivi, kama mtoto aliyenyimwa darasa la kwanza kwa kuzaliwa Februari. Haina ubovu wowote. Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari njema.

Lakini kilichonivuta si bei, ni betri. T470 ina mbili. Moja imefichwa ndani, ya wati-saa 24 (wati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Nyingine iko nyuma, unasukuma vifungo viwili vya chini inatoka mkononi, na zipo za wati-saa 24, 48 na 72. Ile ya 72 ina nundu kama ng'ombe wa kienyeji, inaiinua laptopu nyuma, na kwa kuandika naona ni afadhali hivyo. Mashine inakula ya nyuma kwanza, ikiisha inahamia ya ndani. Maana yake unaweza kuchomoa ya nyuma mashine ikiwa inawaka, ukachomeka nyingine, na neno ulilokuwa unaliandika likakungoja pale pale. Nimemwonyesha kila rafiki yangu mchezo huu, hata wasiotaka kuona.

Yule aliyeniuzia aliniambia, "Omera, hiyo betri inakaa siku mzima." Nilipofika nyumbani nikaingiza Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nikafungua dirisha la amri na kuandika upower -d. Ikaleta orodha ndefu, na ndani yake mistari miwili ya kutazama: betri ilipotoka kiwandani ilibeba kiasi gani, na sasa ikijaa inabeba kiasi gani. Ya nyuma ilizaliwa na 48, imebaki na 21.6. Ya ndani 24, imebaki na 17. Siku mzima yake ilikuwa saa nne, kwa sababu nikiandika tu bila video mashine inakula kama wati tisa. Sikurudi kugombana. Niliagiza ya 72 kutoka Nairobi kwa shilingi 6,000, ikaja na basi la usiku, na ile kuukuu naiweka kwenye droo kama tairi la spea. Siku hizi rafiki akitaka kununua mtumba tunaenda wote, na mfukoni nina flashi yenye Linux Mint, aina ya Linux ninayotumia. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mwenye duka. Tunaandika ile amri pale pale kaunta, kabla ya kutuma hela. Kuna maduka mawili ambayo sasa nikiingia wananiangalia vibaya.

Linux Mint yenyewe haina maneno mengi, na ndiyo sifa yake. Ilianza mwaka 2006 na imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine. Matoleo yake yana majina ya kike yanayoishia na a: la kwanza liliitwa Ada, ninalotumia ni la 22, Wilma, la Julai 2024, na litatunzwa mpaka 2029. Kwa mtu anayelipa intaneti kwa bando, kubwa kuliko yote ni kwamba masasisho yanakuja kama ombi. Kunakuwa na alama ndogo pembeni kwenye skrini, naibonyeza ninapotaka, kwa kawaida Jumapili nikiwa kwa shemeji yangu mwenye waifai. Hakuna siku nimewasha mashine nikakuta imekunywa giga mbili usiku. Kisoma alama ya kidole nimekisahau, maana baadhi ya visomaji hivyo Linux haina programu ya kuviendesha, na sioni hasara. Faili za Excel zenye makro nazifungulia kwenye kompyuta ya mezani ambayo bado ina Windows. Sijawa mtakatifu.

Sasa Alhamisi yenyewe. Hii ilikuwa mwezi wa nne, mvua za masika. Mama mmoja kutoka Mamboleo alifika na wanawe saa kumi na mbili, na wasifu wa mzee wao kwenye flashi, umeandikwa kwa Word na mpwa aliye chuoni. Nikaufungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandika. (Ndiyo, natumia programu kuandika programu. Kiswahili kimetupa neno moja kwa kazi mbili na hatuna budi kulibeba.) Kurasa zilikuwa nne kamili, za kukunja A4 katikati. Kwangu zikawa tano, na picha ya mzee akiwa na wajukuu ikarukia ukurasa wa tano, peke yake, ikining'inia chini ya jina la mwenyekiti wa kamati ya chakula.

Hapa ndipo watu wengi huitupa LibreOffice na kuitukana. Mimi mwenyewe zamani nilifanya hivyo. Tatizo lilikuwa fonti, yaani umbo la herufi. Mpwa aliandika kwa Calibri, ambayo si ya bure, na mashine yangu haina. Programu ikakosa Calibri ikachukua fonti nyingine iliyo pana kidogo. Kila mstari ukaongezeka unywele mmoja, maneno yakasukumana, na kufikia mwisho wa wasifu wa mzee wa miaka 81 unywele umekuwa ukurasa. Dawa ni fonti iitwayo Carlito. Ilichorwa makusudi ili kila herufi iwe na upana ule ule wa Calibri. Pacha wake Caladea anasimama badala ya Cambria. Nilikuwa nimeziweka kwenye mashine ya zamani nikasahau kwenye hii. Unaandika fonts-crosextra-carlito, unabonyeza, megabaiti chache. Nikafunga faili nikaifungua tena, na mzee akarudi kwa wajukuu wake ukurasa wa tatu. Mama hakujua kilichotokea. Alisema tu, "Eh, sasa imekaa vizuri."

Kwa tahajia usiitegemee sana. Kamusi ya Kiswahili inayokuja na LibreOffice imeandikishwa kwa jina la Tanzania. Inasaidia, lakini wasifu wa huku una Kiswahili, Kiingereza na Dholuo ndani ya sentensi moja, na kila Otieno na kila Achieng anapigiwa mstari mwekundu. Ukurasa wa watoto na wajukuu ukawa kama umechinjiwa kuku.

Saa mbili kasorobo, ngurumo, halafu giza. Radi si mgeni kwetu, ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kompyuta ya mezani ikazima. Laptopu haikupepesa. Mama akainama akaitazama. "Nyathina, hii kitu haizimi?"

"Haizimi, mama. Iko na betri mbili."

Nilitaka kumwonyesha ule mchezo wa kuchomoa, nikajizuia, kuna msiba.

Kuandika ni kitu kimoja, kuchapa ni kingine, na hapa nina kosa la kuungama. Miaka miwili iliyopita usiku kama huu niliichomeka printa ya leza kwenye yupiesi yangu ya 650VA, lile sanduku la betri linaloshika stima ikipotea. Ilipiga kelele mara moja ikafa. Sikuwa nimesoma chochote. Leza inayeyusha unga wa wino kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200, na ule mtambo wa kupasha joto ukiamka unavuta wati 500 na zaidi kwa ghafla. Yupiesi ya 650VA kwa kweli inatoa chini ya wati 400. Ni kama kumpandisha ng'ombe kwenye boda. Baada ya hapo nilinunua printa ya wino wa matangi, ile unayomimina kwa chupa. Haina cha kupasha, inakula wati kumi na kitu tu ikichapa. Ndani ya yupiesi kuna betri ya volti 12, ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Kutokana na upotevu wa njiani sipati zote, lakini usiku ule ilibeba printa na ruta kwa saa moja na nusu. Leza bado ninayo. Ni ya mchana.

Ruta niliiwasha ingawa intaneti ilikuwa imekwenda na stima. Picha nzuri ya mzee, ya jalada, ilikuwa kwenye simu ya kijana wake wa mwisho. Mchana alikuwa amenitumia kwa programu ya kuchati ikanifikia na kilobaiti 180, uso umekuwa uji. Nikamwekea LocalSend, faili lake la usakinishaji nalihifadhi kwenye laptopu kwa hali kama hizi. Simu na laptopu zikiwa kwenye waifai moja, hata isiyo na intaneti, zinaonana na kupeana faili kamili. Ikaja ya megabaiti nne. Ukaonekana mkunjo wa kola na kalamu mfukoni mwa shati. Programu hii ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti, na naona ajabu kwamba watu bado wanapoteza kebo kila siku wakati ipo.

Nakala 150, pande mbili, karatasi nikizigeuza kwa mkono chini ya taa ya pekee mtaani. Wadudu wa ziwani wakajua. Wanapenda mwanga, na mwanga ulikuwa skrini yangu. Mmoja aliingia kwenye rola akatoka ameshachapwa, juu ya shukrani za familia. Nakala ile nikairudia.

Malipo yakaja kwenye kabambe, simu yangu ndogo ya vitufe. Simu yangu kubwa ilikuwa imekufa chaji tangu saa kumi na moja, lakini hiyo kabambe, mulika mwizi ya shilingi 1,500, inakaa na chaji siku nne, na M-Pesa kwa *334# haihitaji intaneti. Kwa shilingi iliyotumika, hicho ndicho kifaa bora nilicho nacho, na sina la kuongeza juu yake.

Ya pawabenki nimeiacha mwisho kwa sababu bado inaniuma. Nilinunua moja barabarani imeandikwa 50,000mAh. Kwanza, hata ile ya kweli inadanganya kwa adabu. Nambari ya mAh inahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, kwa hiyo 20,000 ni wati-saa 74, simu yenye betri ya 5,000 inataka kama 19, na ukitoa kinachopotea kama joto utaijaza mara tatu, si mara nne. Hiyo naisamehe. Hii ya 50,000 ilijaza simu yangu mara moja na robo. Nikaipeleka bucha ya jirani, nikamwomba anipimie kwenye mizani. Gramu 190. Ile yangu ya zamani ya 20,000, gramu 410. Betri za lithiamu hazina miujiza, umeme mwingi ni uzito mwingi, na yenye kubeba 50,000 za kweli ingekaribia kilo. Mwenye bucha aliitikisa sikioni, akasema, "Hii ni mfupa mtupu."

Tangu siku hiyo wateja wangu wanakwenda kwake kupima pawabenki kabla ya kulipa yule wa barabarani. Anatoza shilingi 10. Nimemwambia anigawie, amekataa.