Mbwa ale kwa kutafuta kwenye nyasi au kwa mpira wa kujaza chakula?

Kwa gharama nyasi zinashinda, unamwaga tu chakula kikavu anaanza kunusanusa punje moja moja, mkia juu, pua haitoki chini, na mbwa kutumia pua ndo kazi ya akili yenyewe. Ila mvua ikinyesha basi, na chakula cha majimaji hakifai.

Mpira wenye tundu unanunua, lakini ukijaza chakula laini ukagandisha kwenye friza anaulamba muda mrefu. Usafi sasa! Usugue mpaka ndani kwa brashi, mabaki yanaoza.

Wenye mbwa wanaogombania chakula, mpira, kila mmoja chumba chake. Mwenye uwanja na mbwa anayebugia, nyasi, ila zikiwa zimepigwa dawa achana nazo kabisa.