Zotero kwa tasnifu ya theolojia: tunaipendekeza, ila ijue inapoishia

Ukurasa mmoja wa tasnifu ya uzamivu katika theolojia waweza kubeba tanbihi saba: moja ya Augustino, nyingine ya kamusi ya Kigiriki, nyingine ya jarida la mwaka huu. Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo na kuandika tanbihi, iliyotoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Si wote.

Pakua programu yenyewe pamoja na kiunganishi chake cha kivinjari. Kabla ya kuingiza chochote, iulize idara inataka mtindo gani wa kunukuu. Ule wa Society of Biblical Literature, toleo la pili, unapatikana. Chicago nao upo. Kitabu chenye ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) huingia kwa kuandika namba tu, na makala yenye DOI (namba ya utambulisho wa makala mtandaoni) vivyo hivyo. Vitabu vya zamani vya misheni havina ISBN, kwa hiyo vijaze kwa mkono huku ukurasa wa hakimiliki ukiwa mbele yako.

Kosa linaloharibu orodha nyingi za marejeo limejificha kwenye sehemu ya lugha. Ukiiacha tupu, programu huchukulia kuwa jina la kitabu ni la Kiingereza, ikakuza herufi za mwanzo: “Biblia na maisha” inakuwa “Biblia Na Maisha”. Andika sw, yaani msimbo wa Kiswahili, tatizo linakwisha. Kwa Kijerumani andika de. Fanya hivyo siku unapoingiza kitabu, maana kurudia vitabu 300 wiki ya kukabidhi kazi ni mateso.

Biblia usiiingize kabisa. Yohana 3:16 huandikwa ndani ya matini na haihitaji kuonekana kwenye marejeo. Mababa wa Kanisa ni wagumu zaidi: Augustino hunukuliwa kwa kitabu, sura na aya, mathalani 1.1.1, wakati Zotero imezoea namba za kurasa. Njia salama ni kuandika rejea hiyo ya kale kwa mkono ndani ya tanbihi, kisha palepale kuingiza kwa Zotero tafsiri uliyoisoma, ili iingie kwenye orodha. Kamusi ya Kigiriki nayo hutajwa kwa neno lenyewe, baada ya s.v. (kifupi cha Kilatini, “chini ya neno”), badala ya ukurasa. Liandike kwenye nafasi ya nyongeza inayofuata rejea.

Hifadhi ya bure mtandaoni ni MB 300. Taarifa za vitabu hazihesabiwi. PDF ndizo zinazoimaliza, hasa vitabu vilivyoskaniwa. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Asiye na fedha hiyo azime usawazishaji wa faili, anakili kabrasha zima la Zotero kwenye diski ya nje kila wiki. Kabrasha hilo lisiwekwe ndani ya Dropbox wala Google Drive, kwani hifadhidata huharibika.

Kwa kuandikia, Word na LibreOffice ndizo zinazofaa. Google Docs huzidiwa tanbihi zikiwa nyingi. Zima usasishaji wa papo kwa papo wa tanbihi sura zinaporefuka. Usirekebishe maneno ya tanbihi yaliyoandikwa na Zotero: sahihisha taarifa ndani ya programu, la sivyo kosa litarudi. Siku ya kukabidhi, tengeneza nakala, na uvunje kiungo cha Zotero kwenye nakala hiyo pekee. Faili ya awali ibaki hai, kwa kuwa watahini watarudisha masahihisho.