Semina ya siku tatu ya wakuu wa shule, Morogoro: nimelipa mwenyewe

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza wenzangu waliloniuliza niliporudi. Ada 150,000, ukijumlisha nauli na gesti, zikanitoka kama 260,000, zote mfukoni mwangu. Fedha za shule sikuzigusa. Tangu ada ifutwe mwaka 2016, shule ya kata kama yangu inaishi kwa ruzuku, na ruzuku ikiingia inakuta chaki, umeme na karatasi za mitihani vimeshapanga foleni.

Siku ya kwanza wangenirudishia changu. Kijana mmoja nadhifu alitusomea slaidi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana: dira, dhamira, mitindo ya uongozi, duara hili linaingia kwenye duara lile. Watu thelathini na wanne tuliozoea kusimamisha paredi, tunasinzia kama watoto wa kipindi cha mwisho. Jirani yangu alikuwa anajaza takwimu za halmashauri kwenye kishkwambi, vile tulivyogawiwa baada ya sensa ya 2022. Sikumlaumu. Chapati zilikuwa za moto, hilo nisiwanyime.

Kilichonifanya niandike ni mchana wa siku ya pili. Aliingia mama mmoja, mkuu wa shule mstaafu, hana kompyuta, ana chaki. Tulikuwa tumetumiwa ujumbe mapema kwamba kila mtu aje na karatasi ishirini za mtihani wa muhula wa Kidato cha Pili, za wale waliopata F. Nusu yetu hawakuleta. Mimi nilibeba za Baiolojia.

"Wastani sitaki kuusikia," alisema. "Nionyesheni swali walilolikimbia."

Tukachora jedwali kwenye daftari, swali kwa swali, mwanafunzi kwa mwanafunzi. Ukumbi ukawa kimya saa nzima. Kwangu, maswali ya kuchagua na kuoanisha walijaribu wote. Yale ya kueleza, kumi na saba kati ya ishirini hawakuandika hata neno. Mmoja alinakili swali lenyewe, kwa mwandiko mzuri kweli kweli.

Miaka mitatu nimekuwa nikiiambia bodi ya shule kwamba tunaangushwa na maabara. Kumbe watoto hawa, waliosoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, hawana Kiingereza cha kuandikia hata kile wanachokijua. Niliporudi nilimwita yule wa mwandiko mzuri nikamuuliza chakula kinameng'enywaje. Akanieleza kwa Kiswahili kuanzia mdomoni mpaka utumbo mwembamba, bila kukwama popote.

Jambo jingine alilotufundisha yule mama ni kuingia darasani dakika ishirini kila siku, kukaa nyuma, na kufungua daftari la mwanafunzi kabla ya kuomba andalio la somo. "Andalio ni ahadi," alisema, "daftari ndiyo risiti." Nimejaribu. Wiki ya kwanza mwalimu wa Baiolojia alinifuata ofisini: "Mkuu, kuna malalamiko juu yangu?" Nikamwonyesha lile jedwali. Siku hizi kila kipindi chake kinaisha kwa wanafunzi kuandika sentensi tatu za Kiingereza juu ya walichosoma, na anazisoma kweli. Matokeo siwezi kuyasemea, mtihani wa taifa ni Novemba. Na nisijisifu: siku tano za wiki naingia darasani tatu tu, nyingine zinaliwa na simu za "tunahitaji takwimu kabla ya saa nane".

Siku ya tatu ilikuwa fedha na manunuzi, mbio mbio, halafu vyeti na picha. Cheti changu kina jina la ukoo lililokosewa. Nimewapigia waandaaji mara nne, simu inaita tu.

Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za yule mama. Ukialikwa, uliza kwanza kama atakuwepo, na karatasi zako beba hata usipokumbushwa. Ukilala karibu na stendi ya Msamvu, omba chumba cha nyuma. Wapiga debe wanaanza saa kumi alfajiri.