Nimewalipa miezi minne wanisimulie maisha ya wakubwa

Jina la huduma naliweka kapuni. Nina malalamiko nao, na sipendi kumchafulia mtu biashara kwa maneno ya upande mmoja. Ni zile huduma za kusikiliza kwenye simu unazolipia kila mwezi. Siku za kazi unaletewa simulizi ya kama dakika 20 kuhusu mtu aliyefanya jambo kubwa duniani, na Jumamosi mshauri wao anajibu maswali ya wasikilizaji: ndoa, madeni, mabosi, mawifi. Mimi ni fundi cherehani. Mchana mikono yangu haina nafasi ya kushika kitabu, masikio ndiyo yamebaki huru, kwa hiyo nikajiunga.

Nianze na simulizi, maana ndizo zilizonifanya nisijitoe wiki ya pili. Msimuliaji ana sauti ya mtu mzima asiye na haraka, wala hakupigii kelele za "amka, pambana". Ile ya Wangari Maathai niliirudia. Nilitegemea miti, na miti ilikuwepo, kuanzia 1977 alipoanzisha Green Belt Movement mpaka tuzo ya Nobel ya 2004. Ila walitua kwenye jambo dogo nililokuwa silijui. Baada ya talaka, mumewe alimtaka aache kutumia jina lake, Mathai. Mama yule akaongeza herufi moja, akawa Maathai, akaendelea na shughuli zake. Nilikuwa napiga pindo la suruali, nikaondoa mguu kwenye cherehani. Herufi moja tu! Mimi nimewahi kununiana na mtu mwaka mzima kwa jambo ambalo lingeishia hapo.

Ile ya Mandela iliniudhi. Walimtoa mahakamani wakamrusha moja kwa moja hadi 11 Februari 1990, siku alipoachiwa, kana kwamba miaka 27 ni mfereji wa kuruka. Mama yake alifariki 1968. Mwaka uliofuata mwanawe mkubwa, Thembi, akafa kwa ajali ya gari. Mara zote mbili aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, akanyimwa. Hayo nilikuwa nayajua tangu zamani, nikangoja wayataje, hawakuyataja. Ukimwondolea hayo unabaki na mzee anayetabasamu tu, na mimi wazee wanaotabasamu ninao wengi kwenye kalenda. Tangu siku hiyo nina kipimo changu: simulizi ikiisha najiuliza, wameniambia nani alilipa? Kama hawakusema, hiyo kwangu ni nguo iliyopigwa pasi kabla ya kushonwa ndani.

Sasa twende kwenye maswali ya Jumamosi, kwenye kesi yenyewe.

Mdogo wangu wa kiume alikuja kuniomba nimdhamini mkopo wa mashine ya kufyatulia matofali. Ameshaanzisha mambo mawili huko nyuma. La kwanza lilikufa kwa bahati mbaya, la pili kwa uzembe wake, na yeye mwenyewe anakiri. Dhamana niliyokuwa nayo ni cherehani mbili na ovaloki, yaani mkate wangu wote. Nikimkatalia, nimemkatalia mtoto niliyembeba mgongoni. Nikikubali, mwezi atakaokwama ndio mwezi nitakaoshona kwa sindano ya mkono. Nikarekodi swali usiku, nikalifuta mara tatu kwa sababu nilisikika kama mtu anayeshtaki, la nne nikalituma.

Jibu la kwanza lilihusu kusamehe. Mshauri alimleta tena Mandela, akaongea vizuri, sauti ikapanda na kushuka, akamaliza. Mimi nimekaa tu na uzi mdomoni nikijiuliza nimsamehe nani, maana hakuna aliyenikosea. Nahisi walisikia "mdogo wangu" na "pesa" wakadhani yaliyobaki wanayajua. Nikawaandikia kwamba hawakunielewa.

Jumamosi iliyofuata wakarudi na John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania. Huyo nampenda na nitaendelea kumpenda: Olimpiki ya Mexico 1968, ameanguka, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde kushinda marathoni, watu wengi wameshaondoka. Mshauri akasema nisimkatie tamaa mdogo wangu, tumalize mbio tulizoanza. Lakini Akhwari alijua kilomita ya 42 iko wapi. Na goti lilikuwa lake. Kwenye udhamini mbio ni za mtu mwingine, goti ndilo langu.

Cha ajabu, jibu nililipata Jumanne, kwenye simulizi ya kawaida ambayo hakuna aliyeitunga kwa ajili yangu. Ilikuwa ya Marie Curie, yule mwanasayansi, ambaye kwao aliitwa Maria. Kuhusu radiamu walisema maneno machache, wakakaa sana kwenye ujana wake na dada yake Bronya. Chuo kikuu cha Warsaw hakikuwa kinapokea wanawake, na hela ya kwenda wote wawili Paris haikuwepo. Wakapatana: Bronya, ambaye ni mkubwa, atangulie akasomee udaktari, na Maria afanye kazi ya kufundisha watoto majumbani kwa watu, amtumie sehemu ya mshahara. Bronya akishasimama, amvute mdogo wake. Na alimvuta kweli. Mwaka 1891 Maria alifika Paris akafikia kwa dada yake, naye Bronya ameshaolewa. Tuzo mbili za Nobel, ya 1903 na ya 1911, zina miaka ile ya kufundisha watoto wa watu chini yake.

Nilichokiona pale ni kwamba Maria alitoa kilichokuwa mkononi, mwezi kwa mwezi. Hakuweka rehani kitu ambacho kingemwangusha siku Bronya akishindwa mtihani. Kama mambo yangeharibika angepoteza alichokwisha kutuma, basi.

Wiki hiyohiyo, sijui walipanga au ilitokea tu, wakaja na mchoraji Vincent van Gogh, lakini kwa upande wa mdogo wake, Theo. Theo alikuwa anauza picha Paris na ndiye aliyemtumia kaka yake pesa za kuishi na rangi za kuchorea, miaka nenda rudi. Ikafika 1884 Vincent akachoka kuitwa mwombaji, wakakubaliana pesa ihesabiwe kuwa malipo, yeye ampelekee Theo kazi zake. Kipimo changu humo kilifurahi: walisema kwamba kiangazi cha 1890 Theo ana mke, ana mtoto mchanga, anagombana na mabosi wake, na pesa imembana. Vincent akafa Julai. Theo akamfuata Januari, hata miezi sita haijatimia. Mjane wake, Jo, akabaki na mtoto na picha ambazo watu walikuwa hawazitaki, akazihangaikia mpaka dunia ikazitaka. Hawakuongeza funzo lolote mwishoni, na ninawashukuru kwa hilo.

Haya, malalamiko. Lile jibu la pili walilisoma hewani hivi: "Dada mmoja, fundi cherehani, ana mdogo wake anayetaka mashine ya matofali." Jina walinibadilishia, wakanipa zuri kuliko langu. Lakini mafundi cherehani wenye wadogo wanaotaka mashine ya matofali wako wangapi? Rafiki yake alisikia. Jioni mdogo wangu akaja, akasimama mlangoni, kiti hakukitaka.

"Dada, kumbe mimi ni swali la Jumamosi?"

Sikuwa na jibu. Niliwalalamikia wenye huduma, wakaomba radhi baada ya siku mbili na kuniongezea mwezi wa bure, wakisema utaratibu wao ni kutotaja majina. Jina si kitu. Kazi, kifaa na undugu ndivyo vinavyomvua mtu nguo. Ukijiunga nao, hivyo vibadilishe mwenyewe kabla hujabonyeza kutuma; fundi awe mwalimu, matofali yawe kuku.

Kasoro nyingine ni ndogo ila inachosha: hakuna kitufe cha kurudi nyuma sekunde chache. Unagusa ule mstari kwa kidole chenye chaki na simulizi inaanza upya, unampata Maria Curie anazaliwa tena.

Kwa hiyo: simulizi, angalau nyingi, ni nzuri na hela yake ni halali. Mshauri wa Jumamosi ana jibu kabla hajasikia swali, na hajawahi kumuuliza mtu hata kitu kimoja kabla ya kumshauri. Mwezi huu nimelipia tena, Jumamosi nazima simu.

Mdogo wangu tulikaa naye baadaye. Nilimwambia cherehani zangu haziendi dhamana, ila nitamchangia kila mwezi kwa miezi sita anunue mashine iliyotumika, naye atanilipa kwa matofali, maana nataka kuongeza chumba cha kushonea. Tukaandika kwenye karatasi ya kukatia mitindo, ndiyo iliyokuwa karibu. Alikuwa bado amenuna. Nikampa simu asikilize ile ya Theo wakati nakata kitambaa.

Alipomaliza akaniuliza kama Theo alikuwa na watoto. Nikamwambia alikuwa naye mmoja, na alimpa jina la kaka yake, Vincent. Akanyamaza, akaivuta ile karatasi akaisoma tena toka juu, halafu akauliza kama matofali yaliyopasuka nayo yanahesabiwa.